Mita Kumi

Nakijwa wa dukani, Barabara ya Mawenzi,
aliniuliza matundu kabla ya jina:
"Gari lako lina matano au saba?"
Sikujua. Nikatoka nje, nikapiga magoti
mbele ya pua ya gari, jua la saa saba,
bodaboda wakadhani nasali.

Matano.
"La Japani hilo," akasema. "Usidanganywe
na kebo ya kichwa cha saba kwa sababu imeshuka bei.
Itakaa nayo kama mkwe asiyejua lugha ya nyumbani."

Akazilaza mbili juu ya kaunta.
Moja nyembamba, rangi ya chungwa, ya kupendeza;
moja nyeusi, nene, imejikunja
kama chatu aliyemeza mbuzi.
"Hii nyembamba nayo inachaji. Ila iguse usiku wa manane."
Mimi ni muuguzi, zamu za usiku, miaka kumi na tisa.
Homa naijua kwa kiganja.
Nikachukua nene.

Likabaki swali la mita.
"Tano," nikajibu upesi,
kama mtu anayekijua kiwanja chake.

Kupanda Uru gari hunywa kama ng'ombe wa kiangazi,
kushuka hurudisha kidogo, kwa adabu.
Nilifika na chaji asilimia thelathini na moja,
fundi Elinihaki ananisubiri getini na tepu.

Tepu ikatoka ikilia
kutoka kwenye boksi la mita,
ikavuka kizingiti cha jiko,
ikavuka mfereji,
ikapanda juu ya vigae vyeupe
ikasimama kwenye banda la gari.
"Nne na nusu," akasema. "Ila..."
Akavua kofia.

Tepu ilikuwa imelala kifuani pa mama.

Mama, aliyezima taa tukiwa bado tunatafuna.
Aliyeisikia LUKU ikilia kutoka kule shambani,
akatuita majina yote matatu, hadi la ubatizo.
Aliyeshuka Moshi kwa miguu, mkungu kichwani,
akarudi na chumvi, kiberiti,
na nauli aliyoikataa.
Nimpitishie umeme juu ya mbavu
usiku kucha, ampea kumi na sita?

Kaka akasema kwenye simu: vigae haviumii.
Dada Aikaruwa, kutoka Mwanza: hamisha banda.
Lihamie wapi? Kulia migomba, kushoto korongo.
Elinihaki hakusema kitu.
Alikunja tepu polepole, akaanza upya ukutani,
akauzunguka ua wa masale,
akapita nyuma ya mti wa kahawa ambao hauzai
na ambao hakuna anayethubutu kuukata,
akaingia bandani kwa mlango wa nyuma.
Tisa na robo.

Kesho yake nikarudisha ya tano, haijatolewa nailoni.
"Umehama nyumba?" Nakijwa akauliza.
"Nimepima vizuri."
"Zipo za kumi, lakini bei hiyo, mh!
Kwa nini usiinyooshe tu?"
"Kuna mtu amelala hapo katikati."

Alinitazama.
Akaingia stoo, akakaa huko kidogo,
akatoka na nyeusi ndefu begani,
akafuta elfu ishirini kwenye risiti
bila mimi kuomba.

Usiku wa kwanza umeme ulikatika saa tatu,
ukarudi saa tano na nusu.
Nikatoka na kandambili, nikachomeka.
Kebo imelala kwenye nyasi, imejipinda ilipotakiwa kujipinda.
Nikaishika: baridi, kama mkono wa mtoto aliyepona.
Taa ndogo ya kijani ikaanza kupepesa,
na kila ikipepesa, vigae vinaitika.

Nilisimama pale zaidi ya ilivyohitajika.
Kisha nikajisikia nikisema, kwa sauti,
ya jikoni nimeshaizima, mama.

Nikarudi ndani. Nilikuwa sijaizima.